Kutendwa, vishazi na usemi wa taarifa kwa Kiingereza: mazoezi ufanyie kitabuni, kwenye simu, kwenye gazeti au na mwenzako?

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki kwenye tuisheni yangu ya jioni, na sio na wanafunzi wa fomu foo peke yao, hata watu wazima wanaorudia mtihani na wale wanaojiandaa na intavyuu za kazi: ticha, sarufi ya Kiingereza nifanyie mazoezi wapi? Mmoja kaambiwa na kaka yake anunue kitabu amalize pasti pepa zote, mwingine kaambiwa madaftari yamepitwa na wakati apakue programu kwenye simu, wa tatu kaambiwa asome magazeti tu sarufi itakuja yenyewe, wa nne kaambiwa atafute mtu wa kuongea naye. Hakuna aliyedanganywa hapo. Ila kila aliyeshauri kataja kilichomsaidia yeye, na kosa lake halikuwa kosa lako.

Kwahiyo kabla hatujalinganisha chochote, chukua karatasi uandike hizi sentensi 5 kwa Kiingereza, haraka haraka, bila kufungua kitabu wala kumuuliza mtu:

1. Niliibiwa simu jana.
2. Mwalimu aliniuliza naishi wapi.
3. Kitabu nilichokinunua kimepotea.
4. Ingawa alikuwa anaumwa lakini alikuja.
5. Ningekuwa na hela ningenunua baiskeli.

Umeandika? Ndani yake kuna mambo matatu ya leo: kutendwa (passive, mtu au kitu kinachofanyiwa jambo), vishazi (clauses, vipande vya sentensi vyenye kitenzi chake) na usemi wa taarifa (reported speech, kueleza alichosema mtu). Haya, tuangalie, maana hizi ndo zitatupa mwanga huko mbele.

Ya kwanza wengi wanaandika "I was stolen my phone". Na hapo hujakosea kwa uvivu, umefuata Kiswahili chako vizuri kabisa. Kwetu aliyepatwa na jambo ndo anakaa mbele ya kitenzi: naibiwa, nakatiwa umeme, nanyeshewa na mvua. Kiingereza kwa kitenzi hiki kinataka kile kilichoibwa ndo kikae mbele, "My phone was stolen yesterday", na ukitaka lazima uanze na mimi basi ubadili kitenzi useme "I was robbed". Kinachochanganya ni kwamba "Nilipewa kitabu" inaingia moja kwa moja, "I was given a book", na "Niliambiwa" nayo inaingia, "I was told", sasa mtu anashangaa mbona zile zimekubali na hii imekataa.

Ya pili inakuja "The teacher asked me where do I live". Hapo kuna mawili. Swali likishaingia ndani ya sentensi nyingine linaacha kuwa swali, ile "do" inaondoka. Halafu wakati unarudi nyuma: "The teacher asked me where I lived". Kiswahili hakina habari ya kurudisha wakati nyuma, tunasema "alisema anaumwa" na ile -na- inabaki pale pale wala hakuna anayeshangaa, ndo maana mwanafunzi anaona Kiingereza kinamsumbua bure.

Ya tatu, "The book which I bought it has lost". Hiyo "it" ni ile -ki- ya nilichokinunua, umeihamisha na mizigo yake. Na "has lost" ni kimepotea, ila kwa Mwingereza umesema kitabu chenyewe kimepoteza kitu. Sahihi ni "The book which I bought is lost" au "has been lost".

Ya nne, "Although he was sick, but he came". Kiswahili kinaruhusu ingawa na lakini kwenye sentensi moja, Kiingereza kinataka kiungo kimoja tu kati ya hivyo viwili, kingine kitoke. Ya tano, "If I would have money I would buy a bicycle", kwa sababu -nge- tunaiweka pande zote mbili, wakati Kiingereza upande wa "if" kinaweka past ya kawaida: "If I had money, I would buy a bicycle".

Makosa 5, yote yametoka sehemu moja. Sasa ndo tuulize ni mazoezi gani yanayakamata.

Vigezo nilivyotumia

Nimeangalia mambo manne kwa kila njia. La kwanza, na kwangu ndo zito kuliko mengine, ni kama njia hiyo inakamata kosa linalotoka kwenye Kiswahili au inalipita tu. La pili nani anakusahihisha, maana mazoezi yasiyosahihishwa yanakomaza kosa. La tatu gharama na muda, bando ni hela na muda wa mtu mwenye watoto sio muda wa mtu aliye bweni. La nne inakupeleka wapi: kwenye chumba cha mtihani, kwenye kuandika, au mdomoni. Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Kitabu cha mazoezi na pasti pepa

Hii ndo ya zamani kuliko zote na kila mtu anaijua: sentensi imeandikwa, unaambiwa uibadilishe kufuata maelekezo. Kwenye mtihani wa NECTA wa kidato cha nne, English Language namba 022, maswali ya namna hii yamekuwepo miaka nenda rudi, na wenzetu Kenya kwenye KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, karatasi ya 2 wana sehemu nzima ya sarufi yenye alama 15. Kwahiyo kwa mtu wa mtihani hii njia haikwepeki.

Uzuri wake ni mkono. Chukua kutendwa. Kwa Kiswahili tunaingiza -w- mwishoni basi, kazi imeisha, pika inakuwa pikwa na wakati wowote ule -w- ni hiyo hiyo. Kiingereza kinataka vitu viwili kwa pamoja, kitenzi "be" kinachobeba wakati na kitenzi kikuu kikae kwenye umbo lake la tatu (past participle, kama write, wrote, written). Mimi wanafunzi wangu nawapa sentensi moja tu, "Mama cooks ugali", halafu waishushe kwenye kauntabuku mstari kwa mstari: "Ugali is cooked", "is being cooked", "was cooked", "was being cooked", "has been cooked", "had been cooked", "will be cooked". Mstari wa kwanza na wa pili wanaduwaa, kwa sababu kwa Kiswahili zote mbili ni "ugali unapikwa". Hapo ndo wanaona kwamba Kiingereza kinatenganisha kinachopikwa kila siku na kilicho jikoni sasa hivi. Ukiifanya hiyo kwa vitenzi 10, hasa vile vikorofi kama write, steal, break, take, choose, umbo la tatu linakaa mkononi bila kulitafuta.

Vishazi pia vinanyooka hapa. "No sooner had... than", "Hardly had... when", "unless", "in spite of", haya ni mambo ambayo mtaani husikii, usipoyaandika mara 20 kwenye daftari hutakutana nayo kwingine, na kwenye mtihani yapo.

Sasa udhaifu. Sentensi ya kitabuni tayari ni ya Kiingereza. Inasema "Somebody stole my phone", inakwambia anza na "My phone". Umeshapewa nusu ya jibu! Kiswahili chako hakijaguswa, unapata tiki, unarudi nyumbani ukiwa na "I was stolen" yako ile ile. Nilikuwa na kijana mmoja, daftari lake safi, zoezi la usemi wa taarifa kapata 10 kwa 10 siku ya Jumatano. Alhamisi kachelewa, namuuliza kwa Kiingereza kulikoni, ananijibu, "The conductor said me that I will pay tomorrow". Jana yake tu kaandika kwa mkono wake mwenyewe "told" na "would" na "the next day", mara 10, bila kosa. Daftari lilikuwa linajua kuliko mdomo, na nilimwambia hivyo bila kumkatisha tamaa, kwa sababu hajashindwa, kazoeshwa kitu kimoja na kaulizwa kingine.

Kusahihishwa kunategemea. Kitabu kizuri kina majibu nyuma. Pasti pepa za kunakili dukani mara nyingi hazina, au zina majibu ya mtu aliyeandika kwa mkono na nyingine zina makosa ya wazi, nimeziona kwa macho yangu, kwahiyo tafuta mwalimu apitishe jicho. Gharama ni ndogo, kauntabuku ya kwaya 2 na peni, muda nusu saa kwa siku inatosha.

Inamfaa mtu mwenye tarehe ya mtihani mbele yake, na mtu ambaye hata sheria yenyewe haijui bado. Ambaye haimtoshi ni yule anayepata tiki zote ila akifungua mdomo anakwama.

Programu za simu na tovuti

Hapa naweka vitu viwili pamoja, programu na kwizi za kuchagua jibu, na zile za akili mnemba (AI) ambazo unaandika sentensi inakusahihisha, ingawa ni vitu tofauti kidogo.

Kizuri cha kwanza ni kwamba unajibiwa hapo hapo. Daftari unalifunga unasubiri mwalimu kesho, simu inakwambia umekosea kabla hujasahau ulikuwa unawaza nini. Na unaweza kufanya popote, ukiwa kwenye foleni ya maji, ukisubiri daladala, dakika 5 hapa dakika 5 pale. LearnEnglish ya British Council ina masomo ya sarufi bure yaliyopangwa kwa ngazi, kutendwa yapo, usemi wa taarifa upo, vishazi vya "which" na "who" vipo, na kila somo lina zoezi. BBC Learning English nao wana masomo ya kusikiliza yenye maandishi yake, unasikia sentensi huku unaiona.

Ila kuchagua jibu sio kuunda jibu. Ukiona A, B, C na D, na moja imeandikwa "was stolen", jicho linaitambua hata kama mkono usingeiandika. Kwahiyo kama programu ina sehemu ya kuandika mwenyewe, chagua hiyo, achana na ya kubofya. Na haya masomo yameandikwa kwa dunia nzima, kwa Mjapani na Mbrazil na wewe, hakuna atakayekwambia "ondoa hiyo it kwa sababu imetoka kwenye -ki- yako". Utaambiwa umekosea, sababu utaitafuta mwenyewe.

Upande wa akili mnemba, mimi nawaruhusu wanafunzi wangu kwa masharti. Andika sentensi yako kwanza, halafu iulize kosa liko wapi na kwanini. Unaweza hata kuiuliza kwa Kiswahili na kumwaga zile sentensi 5 za juu, inaweza kukueleza vizuri tu. Usiiambie ikuandikie. Ukianza na "nitafsirie", umeshampa mtu mwingine mazoezi yako ayafanye yeye. Na wakati mwingine inachukua sentensi yako iliyokuwa sahihi inaibadilisha iwe ya kifahari zaidi, mwanafunzi anadhani alikosea kumbe hakukosea, kwahiyo uliza wazi: hii yangu ni kosa au ni mtindo tu?

Gharama ni bando na simu yenyewe, na kwa nyumba nyingi simu ni ya mzazi, inapatikana usiku baba akirudi. Halafu zile meseji zinazoingia katikati, umeanza na kutendwa umemalizia kwenye video ya mpira.

Inamfaa aliyeko peke yake, asiye na mwalimu karibu, anayefanya kazi na muda wake ni wa vipande vipande, na yule anayetaka kukariri maumbo ya tatu ya vitenzi. Kwa mtihani ni ya kusindikiza. Mdomoni inasaidia kidogo.

Gazeti na taarifa ya habari

Hii ndo naipenda kuliko nyingine na nasema wazi ili ujue naegemea wapi, ila sio ya kila mtu, utaona.

Habari za magazeti zimejaa mambo yetu matatu, kutendwa, vishazi na usemi wa taarifa. Fikiria habari yenyewe ni nini: mtu kasema kitu, mtu kafanywa kitu, na mwandishi anaunganisha. Fungua Daily News au The Citizen kwa hapa Tanzania, Nation kwa Kenya, ukurasa mmoja tu wa ndani, chukua penseli. Pigia mstari kila kutendwa, zungushia kila "said", "told", "asked" na angalia kitenzi kinachofuata kimekaaje, weka alama ya nyota kwenye kila "which", "who" na "although". Ukurasa mmoja unachukua dakika 20 na ukimaliza karatasi imechafuka yote.

Tahadhari mbili kabla hujaenda mbali. Vichwa vya habari usivitumie kujifunzia kutendwa, kwa sababu wanaokoa nafasi wanaondoa "be". Ukiona "Two arrested over cable theft" hao wawili hawajakamata mtu, wamekamatwa, ni "were arrested" au "have been arrested" iliyokatwa. Nimeshasahihisha insha ya mwanafunzi mzuri tu aliyeandika "The thief arrested by police" na nilipomuuliza akaniletea kipande cha gazeti, ushahidi kabisa, na kwa kweli alikuwa amesoma kwa makini ila kasoma mahali pasipofaa kuigwa. Ya pili, gazeti halirudishi wakati nyuma kila mara. Likianza na "says" hakuna kurudi nyuma, "The police say they are looking for the driver", na hata baada ya "said" wakati mwingine wanaacha present kama jambo bado liko vile vile. Hiyo ni sahihi, ila kwenye chumba cha mtihani we rudisha nyuma, isipokuwa kwa jambo la kweli siku zote kama dunia kulizunguka jua.

Kusoma pekee hakutoshi lakini. Zoezi lenyewe liko hivi, na hili ndo linakamata Kiswahili kuliko zoezi lolote ninalolijua: sikiliza taarifa ya habari ya saa 2 usiku kwa Kiswahili, chagua mambo matatu, halafu andika kwa Kiingereza kilichosemwa. Mkuu wa wilaya kasema, "Barabara hii itakamilika mwezi ujao". Unaandika "The district commissioner said that the road would be completed the following month". Angalia kilichotokea ndani ya hiyo sentensi moja: itakamilika imegeuka kuwa kutendwa, "will" imekuwa "would", "hii" imekuwa "the", mwezi ujao umekuwa "the following month", na "that" imefungua kishazi. Hakuna aliyekuanzishia neno la kwanza. Umetoka kwenye Kiswahili ukafika kwenye Kiingereza kwa miguu yako, na kama ulikuwa na "I was stolen" ndani, hapa ndo itatoka nje uione.

Wa sayansi mna gazeti lenu pia hamlijui. Ripoti za praktiko za kemia na baiolojia ni kutendwa mwanzo mwisho, "The solution was heated", "A few drops were added". Badala ya kuzikariri, jiulize kila mstari nani katenda na kwanini hajatajwa. Jibu ni kwamba anayetaka kujua anataka kujua myeyusho ulifanywa nini, mtendaji hana umuhimu, na hiyo ndo sababu kutendwa kupo duniani. Nina mwanafunzi alielewa kutendwa kupitia titresheni baada ya mimi kuhangaika naye wiki tatu na mifano ya Juma na mpira.

Kusahihishwa hapa ndo tatizo kubwa. Gazeti halikusahihishi. Inabidi upate mtu wa kusoma sentensi zako tatu, au siku inayofuata utafute habari hiyo hiyo kwenye gazeti la Kiingereza uone wao waliiandikaje, na hiyo ni njia nzuri sana maana unajisahihisha kwa kulinganisha, ila inataka subira. Gharama ndogo, maktaba yana magazeti, jirani ana la juzi, redio ipo. Muda ni mwingi kuliko njia nyingine, mwanzoni sentensi tatu zinaweza kukumalizia saa nzima.

Inamfaa aliyeshajua sheria na sasa anataka zikae. Inamfaa anayeandika: insha, barua, ripoti za ofisini. Haimfai mtu ambaye bado hajui umbo la tatu la "take" ni nini, atachoka siku ya pili aache. Na kama mtihani ni wiki mbili zijazo, acha, rudi kwenye kitabu.

Mwenzako

Watu watatu, bila gharama yoyote. Wa kwanza anamnong'oneza wa pili sentensi, wa tatu anauliza "What did he say?", wa pili anaripoti. "I can't find my shoes." "He said he couldn't find his shoes." Mnazunguka. Dakika 5 za kwanza ni mateso, kila mtu anahesabu vidole can inakuwa could, will inakuwa would, my inakuwa his, halafu ghafla zinaanza kutoka zenyewe. Ile kasi huipati kwenye daftari.

Dada mmoja alikuja kwangu akiwa na intavyuu ya mapokezi hotelini. Alikuwa anauza kwenye duka la nguo, karatasi zote nilizompa alizijibu. Nikamuuliza kwanini aliacha kazi, akanyamaza. Nikamwambia kila usiku amwombe mtoto wa dada yake amuulize maswali matatu, tu, na ajibu kwa sauti. Wiki iliyofuata kaniambia bila kusita, "I was told that the shop would be closed". Kutendwa, kishazi, usemi wa taarifa, vyote ndani ya pumzi moja, wala hakujua kama kafanya sarufi.

Ubaya wa hii njia ni mmoja lakini mzito. Mkiwa wote mnasema "I was stolen my phone" mnaelewana vizuri kabisa, hakuna anayestuka, na kosa linapata marafiki. Kikundi lazima kiwe na hata mmoja anayejua zaidi, au mmoja awe na kazi ya kuandika sentensi za wenzake ili mziangalie mwishoni na kitabu mkononi. Vishazi virefu vya "no sooner" navyo havitokei kwenye maongezi, mtaongea mwaka mzima msivikute.

Inamfaa mtu wa intavyuu, anayefanya kazi na wageni, na yule niliyemtaja mwanzo mwenye tiki zote na mdomo mzito. Mtu mwenye aibu nyingi aanze na mtu mmoja anayemwamini, sio kundi.

Sasa we uko wapi

Rudi kwenye karatasi yako ya sentensi 5, maana ndo itakayokuchagulia.

Kama ulishindwa hata kuanza, hukujua "steal" inakuwaje kwenye kutendwa, kitabu kwanza. Mwezi mmoja, nusu saa kwa siku, na simu ya kukariri maumbo ya vitenzi ukiwa njiani. Gazeti bado.

Kama uliandika zote haraka na makosa yakawa yale yale niliyoyataja, "it" ya ziada, "but" ya ziada, "would" mbili, sheria unazijua ila Kiswahili kinakutangulia. Hapo kitabu kitakupa tiki nyingi bila kukuponya. Taarifa ya habari, sentensi tatu kila usiku, na mtu wa kuzisoma. Kama mtu huna, akili mnemba kwa masharti yale.

Kama una mtihani Novemba na sasa hivi ni Januari, anza na gazeti ukiwa na muda, ukifika Agosti hamia kwenye pasti pepa. Kama ndo kwanza unashtuka ni Oktoba, pasti pepa tu, na zisahihishwe.

Unarudia mtihani ukiwa kazini, au una mtoto mchanga, au unatoka saa 12 jioni: simu mchana, Jumamosi moja ya daftari. Usijipangie zaidi ya hapo utaacha.

Una intavyuu wiki ijayo, tafuta mwenzako leo leo. Maswali matatu kila usiku, kwa sauti.

Mzazi unayemsaidia mtoto na Kiingereza chako si kizuri, usiogope. Mwambie akusimulie kwa Kiingereza alichosema mwalimu wao leo, halafu we msikilize tu na muulize "said au told?" Hata kama hujui jibu, swali litampeleka kwenye kitabu.

Na kama zile 5 ulizipata zote, jaribu hizi mbili. "Konda alisema kama sina chenji nishuke." Hapa una sharti ndani ya amri ndani ya usemi wa taarifa, na inakuja hivi: "The conductor told me to get off if I didn't have change". Nyingine ni "Alifiwa na baba yake akiwa mdogo". Hii itafute kutendwa kwake kwa kitenzi "die" mpaka uchoke, hakipo, Kiingereza kinasema "He lost his father when he was young", na nimeshaona vijana wawili wakibishana juu yake mpaka taa za darasani zikazimwa.